Natafuta mama mkandaji mwenye leseni hapa Malindi, ni kwa bi mkubwa wangu

BintiMaweni

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Bi mkubwa wangu bega la kulia limemkamata tangu kabla ya Ramadhani. Mkono hauinuki, kujifunga leso mpaka nimsaidie, na usiku akigeukia upande huo anaamka kwa maumivu. Ana sukari na presha, dawa zake anakunywa vizuri. Tumepaka kila mafuta ya duka la dawa, tumemeza panadol, wapi!

Majirani wote wanasema akandwe. Sawa, lakini akandwe na nani? Nimezunguka kuanzia huku kwetu mpaka barabara ya Casuarina, mabango ya masaji yamejaa na kila moja linasema wahudumu wake wana leseni. Nikaingia pahali pamoja nikaomba niione hiyo leseni. Dada akanitolea kibali cha biashara cha kaunti, kimetiwa kwenye fremu vizuri kabisa. Nikamuuliza, na wewe mwenyewe ulisomea wapi? Akacheka.

Ninayemtaka awe mwanamke, awe na leseni ya kweli, na akiweza kuja nyumbani ndiyo bora, maana mama hapendi kuvua nguo pahali asipopajua. Mwenye kumjua mtu anielekeze. Na wale wa utani wa masaji, tafadhali, huyu ni mama yangu mzazi.

Kijana_wa_Barani

Dada, yote hayo ya nini na vinyozi wamejaa mjini? Mimi nikimaliza kunyolewa nabinywa mabega, nagongwa mgongo, mwisho shingo inazungushwa kah! kulia, kah! kushoto. Natoka pale mtu mpya, na pesa ni ileile ya kunyoa.

BintiMaweni

@Kijana_wa_Barani kaka, mama wa miaka 60 na kitu nikamkalishe kwenye kiti cha kinyozi? Umesoma kweli nilichoandika?

ShogaWaMambrui

Shoga, hizo leseni bibi zetu hawakuwa nazo na watu walikandwa wakapona. Huku kwetu Mambrui yupo mama mmoja, jina silitaji hapa, ndiye anayekanda wazazi wa mtaa mzima. Mwanamke akijifungua, arobaini yote iko mikononi mwake: anamkanda kwa maji ya moto, anamfunga tumbo, anamwangalia kama anakula. Bi harusi akitaka kusingwa singo anaitwa yeye. Ukimpa mgongo wako akitia kidole tu anakwambia hapa pamekaza, na hapa uliwahi kuanguka. Malipo ni ulichonacho, na doti ya leso ukipenda.

Tena heshima anaijua. Anakufunika leso mwili mzima, anafunua pale anapokanda tu, akimaliza anafunika. Nendeni kwenye hizo fremu zenu muone kama mtafunikwa hivyo.

Afya_Mstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya umma hapa pwani kabla ya kustaafu, na hizo fremu za ukutani nazifahamu, kwa hivyo naomba niingie.

Mwanangu BintiMaweni, ulichoonyeshwa ni kibali cha biashara. Kaunti ya Kilifi inampa mwenye spa kama inavyompa muuza viazi karai. Kinaonyesha ada imelipwa na biashara inaruhusiwa kufunguliwa pale ilipo. Afisa wa afya akipita ataangalia maji, choo, mashuka yanafuliwa vipi, taka zinakwenda wapi. Hakuna anayemuuliza mhudumu msuli fulani umeshikia wapi. Yule dada hakukudanganya, alikupa alichonacho.

Karatasi nyingine utakazokutana nazo ni za vyuo vya urembo, na baadhi ya wahudumu wamefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya ufundi, katika urembo. Humo ndani masaji ni kipande tu, pamoja na uso, kucha na kuondoa nywele. Sizidharau. Mwenye cheti hicho amefundishwa usafi, mpangilio wa kukanda na namna ya kumhudumia mteja, na kwa mtu aliyechoka na kazi anatosha kabisa. Ila bega la mgonjwa wa sukari mimi singempelekea.

Kenya haina sheria ya kuwasajili wakandaji peke yao, kama ilivyo kwa wauguzi au wafamasia. Sheria ya Afya ya 2017 imezitaja tiba za asili na tiba mbadala na kutaka ziundiwe chombo cha kuzisimamia, lakini mwenye bango la masaji leo hana baraza lake. Aliye na baraza ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa kutibu viungo na misuli kwa mazoezi na mikono. Sheria ya Wafiziotherapia ilipitishwa 2014, ikaunda Baraza la Fiziotherapia la Kenya. Huyo amesoma diploma ya miaka 3, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, kwa mfano, au digrii ya miaka 4, amesajiliwa, na leseni yake ya kazi inalipiwa upya kila mwaka. Hapo ndipo neno lako "leseni ya kweli" linapata pa kusimama.

Kwa hivyo ukimpata, muombe namba ya usajili na leseni ya mwaka huu, si ya mwaka juzi, kisha uliza Barazani kama jina hilo lipo. Usione haya. Wenye kazi yao wamezoea kuulizwa.

Mswahili_Houston

Nawasoma kutoka Texas. Huku mkandaji ana leseni ya jimbo: masomo yasiyopungua saa 500, halafu mtihani unaoitwa MBLEx, na leseni lazima iwekwe mteja aione. New York wanadai saa 1,000. Kila jimbo na lake. Lakini msije mkadhani ng'ambo yote iko hivyo, Uingereza serikali haimlazimishi mkandaji kuwa na leseni, usajili ni wa hiari. Na pamoja na leseni zote hizo, huku Houston polisi bado wanafunga maduka ya masaji ya ovyo. Karatasi inasaidia, macho yako usiyafunge.

DadaWaSpa

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi kazi yangu ni hiyo mnayoicheka. Nimesomea, nimefanya kwenye hoteli za ufukweni kwa misimu kadhaa, na wageni wengi tunaowakanda ni Wataliano wazee wenye migongo yao. Mtu akisikia nafanya masaji ananiangalia kwa jicho jingine. Simu zinaingia saa tano usiku, "dada unakuja nyumbani?" Nakata.

BintiMaweni, kwa sababu wewe umeuliza kwa adabu nitakwambia tunavyofanya sisi tunaoifanya kihalali. Mteja mpya anakalishwa kwanza, anaulizwa: una presha? sukari? umefanyiwa upasuaji? una mimba? unatumia dawa gani? umewahi kuvunjika? Mahali ambapo unaambiwa tu "vua, lala", toka. Bei inatajwa kabla na imeandikwa. Mteja anachagua mhudumu wa kike au wa kiume na hakuna anayekasirika. Shuka inabadilishwa mbele yako. Na mtu akisema inauma, unapunguza mkono. Kuna wanaojisifu kwamba mteja akilia ndiyo dawa inaingia, na kesho yake mtu ana madoadoa ya damu iliyovilia mgongoni anayaonyesha watu kwa fahari! Huko si kukandwa, huko ni kupigwa.

Jambo jingine ambalo wenyeji wengi hawalifikirii. Kuanzia Aprili, mvua za masika zikianza, hoteli nyingi hapa Malindi na Watamu hufunga au hupunguza watu mpaka karibu Julai. Wahudumu wazuri kabisa, wale wanaolipwa bei ya mtalii mwezi wa Desemba, wanakaa nyumbani. Wakati huo ndio unaweza kumpata akakuja kwako kwa bei ya jirani. Ulizia kwa wanawake wanaofanya kazi hotelini, usiulizie kwenye bango.

Lakini bega la mama yako kwa ulivyolieleza, mimi nakataa kuligusa mpaka aonwe hospitali. Nakwambia ukweli, hiyo pesa ningeipenda.

ShogaWaMambrui

@DadaWaSpa hapo umenena, hata yule mama wetu anauliza kwanza. Anauliza mpaka ulikula nini.

TabibuMpole

Salaam. Mimi ni mfiziotherapia, nafanya kazi huku huku pwani. Siwezi kumpima mtu kupitia simu, hilo lieleweke. Lakini bega linalokaza polepole, linalouma usiku, mkono usioinuka, na mwenyewe ana sukari, kitu cha kwanza kinachonijia ni lile tunaloliita bega lililoganda. Linawapata sana watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari wanapatwa kuliko wengine. Utando unaozunguka kiungo unavimba, halafu unakuwa mnene na kusinyaa, kiungo kinakosa nafasi ya kucheza.

Jaribu hili pole pole. Mama akae, alegeze mkono, wewe umuinulie. Kama hata wewe unashindwa kuuinua, umekwama mahali pamoja kila mara, huenda kiungo chenyewe ndicho kilichokaza. Kama wewe unauinua vizuri ila yeye mwenyewe hawezi, huenda ni kano imechanika, na hayo ni mambo mengine kabisa yenye tiba nyingine. Ndiyo maana nasema apimwe kabla ya kukandwa. Mkandaji hodari atalegeza misuli ya shingo na mgongo wa juu, ambayo inabeba kazi ya bega, na mama atalala usingizi. Utando uliosinyaa haulegei kwa mafuta. Unanyooshwa kidogo kidogo kwa mazoezi, miezi, wengine hufika mwaka na zaidi. Mtu akikuahidi kulifungua siku moja kwa kuuvuta mkono kwa nguvu, mshukuru, mpe nauli, aende zake. Mfupa wa mtu mzima unavunjika.

Tena kuna sukari. Sukari ya muda mrefu huua hisia za miguu na wakati mwingine za mikono. Mgonjwa anawekewa maji ya moto au chupa ya moto, hasikii, anaungua, na kidonda cha mwenye sukari mnajua kinavyochukua muda. Maji yapimwe na mtu mwingine kwa kiwiko, na yasiwe zaidi ya vuguvugu.

Wapo pia watu wasiokandwa hata na mimi mpaka waonwe na daktari. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya safari ndefu au kulala kitandani siku nyingi, usiuguse. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukiikanda inaweza kusafiri mpaka mapafuni. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwambie mkandaji kabla hajalala. Na mwenye maumivu ya kiuno ambaye ghafla hawezi kuzuia haja au amekufa ganzi sehemu za kukalia, asingoje asubuhi, ni hospitali usiku huohuo.

Mahali pa kuanzia ni hospitali ya serikali hapa Malindi, idara ya fiziotherapia. Sema tangu mapokezi kwamba mgonjwa anaomba mhudumu wa kike, ni haki yake. Wenzangu wengi pia huenda majumbani baada ya saa za kazi, kwa makubaliano. Huyo anayekuja nyumbani muombe vilevile vile alivyovitaja mzee Afya_Mstaafu. Nami ukiniita nitakuonyesha.

ShogaWaMambrui

Tabibu, kwa hivyo mnataka kusema mama yetu asimkande?

TabibuMpole

Hapana shangazi, sikusema hivyo. Akishapimwa, akande shingo, mabega yote mawili kwa juu na mgongo, kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu. Mkono wenyewe asiuvute wala asiuzungushe. Na akija, ningependa nimuone anavyofanya, huenda nami nikajifunza. Wale wanaokanda wazazi wamegusa watu wengi kuliko mimi.

ShogaWaMambrui

Ahsante baba. Nitamfikishia.

Kijana_wa_Barani

Na ile kah kah ya shingo kwa kinyozi, Tabibu? Usiniambie nayo ni haramu.

TabibuMpole

Si haramu, ni hatari ndogo isiyo na faida. Nyuma ya shingo, ndani ya mifupa, inapita mishipa miwili ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Kichwa kikizungushwa kwa ghafla ukuta wa mshipa unaweza kuchanika ndani, damu ikaganda pale, ukapata kiharusi ukiwa kijana mwenye afya yako. Hutokea mara chache sana, lakini hurudishi. Huo mlio wenyewe ni viputo vya hewa kwenye majimaji ya kiungo, hakuna kilichorudi mahali pake. Mwambie kinyozi abinye mabega aache shingo.

Kijana_wa_Barani

Nitamwambia. Atasema nimeanza kuzeeka.

MlamuHalisi

Nyinyi wa Malindi mna bahati mnachagua. Sisi Amu spa ziko Shela, za wageni, na wewe mwenyeji ukiingia wanakuangalia umekuja kuuza nini. Mimi mgongo ni wa kazi ya jahazi. Nimeambiwa nije huko kwa mkandaji mzuri. Hebu fikirini: mashua mpaka Mokowe, halafu basi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200, nimekaa juu ya huu mgongo. Nikifika nitakuwa na migongo miwili.

Afya_Mstaafu

@MlamuHalisi yakhe, usisafiri kwa ajili ya kukandwa. Anza hapo hapo hospitali ya King Fahd, uonwe na daktari wa kawaida. Ukipata rufaa ya kuja Malindi au Mombasa kwa kipimo, hiyo ni safari yenye maana.

TabibuMpole

Naongezea kwa @MlamuHalisi. Mgongo wa kazi, kama hauna ile hatari niliyoitaja ya haja na ganzi, unapenda kutembezwa. Usilale ndani wiki nzima. Punguza kubeba mizigo, lakini tembea, na Amu ukitaka kutembea ndipo pahali pake, hamna gari la kukudekeza. Wazee wenu wanaokanda wapo, tumia mikono yao kwa kulegeza. Ukija kwa mfiziotherapia mara moja mwambie akufundishe mazoezi ya kufanya mwenyewe na akuandikie, uende nayo nyumbani. Wenye kukurudisha kila wiki kwa mgongo wa aina hiyo bila kukufundisha kitu, wanakula nauli yako.

MlamuHalisi

Nimefahamu. Mama watoto anasoma hapa kando yangu anasema hiyo ya "punguza kubeba mizigo" niiandike ukutani.

DadaWaSpa

Kuna mtu kaniuliza pembeni: mwanaume akitaka mkandaji wa kiume hapa mjini anampata wapi? Wapo, wengi wamepitia hotelini au kwenye timu za mpira. Uliza kwenye viwanja vya mazoezi. Maswali ni yaleyale, sukari, presha, upasuaji, dawa. Asipokuuliza wewe muulize kwa nini hakuuliza.

BintiMaweni

Wapendwa, narudi na habari.

Nilimpeleka bi mkubwa hospitali ya serikali. Tulianza kwa daktari, akapigwa picha ya bega, tukaelekezwa fiziotherapia. Tulimpata mhudumu wa kike, mama mtu mzima, akamfunika mama kwa leso yake mwenyewe kabla hata hatujaomba. Niliona haya kumuomba leseni, bi mkubwa ndiye aliyemuomba! Akaitoa kwenye droo bila neno, ya mwaka huu, na namba yake ya usajili.

Mkono ulikwama hata ulipoinuliwa na mhudumu. Ni bega lililoganda. Ameambiwa sukari yake ikiwa juu bega nalo litachelewa, kwa hivyo kliniki ya sukari imerudishwa karibu. Nyumbani ana mazoezi: anatambaza vidole ukutani, tunatia alama ya penseli alipofika, na lile la leso nyuma ya mgongo, mkono mzima unavuta leso kwenda juu na ule mbovu unafuata. Amechagua leso mbovu kwa kazi hiyo, nzuri hataki iharibike.

Mama wa Mambrui naye amekuja. Shoga, mikono ile! Anamkanda shingo na mgongo, bega haligusi, tulimweleza na hakuona vibaya. Siku anayokuja mama analala mpaka alfajiri. Maumivu ya mchana bado yapo, sitawadanganya, na mkono haujafika kwenye kilemba. Lakini alama ya ukutani inapanda.

@Kijana_wa_Barani vipi kinyozi?

Kijana_wa_Barani

Shingo ameacha. Sasa ananikanda kichwa kwa muda mrefu zaidi na amepandisha bei.

MamaWatatu_Watamu

BintiMaweni nisaidie namba ya huyo mhudumu wa hospitali, mama mkwe wangu ana tatizo hilohilo.

BintiMaweni

@MamaWatatu_Watamu namba ya mtu siweki hapa bila ruhusa yake, dada yangu. Nenda idara ya fiziotherapia asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, sema mnaomba mhudumu wa kike. Na kadi ya kliniki ya sukari mkwe wako asiisahau, pamoja na dawa zake zote kwenye mfuko. Wataziuliza moja moja.